Kitunguu saumu ndani ya mafuta si kihifadhi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi huwa naukata na kuubandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Ule wa wiki iliyopita nimeubandua. Mwandishi wenu ametufundisha kutengeneza sosi ya saladi kwa mafuta ya zeituni, tutumbukize humo punje za kitunguu saumu kwa kuwa ni kihifadhi cha asili, kisha chupa ikae rafuni, nje ya friji, eti itafika miezi miwili. Sababu aliyoitoa ni kwamba haina kemikali.

Simcheki. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo hivyo kwa miaka, tena chupa nikiipanga dirishani ili jua lipenye kwenye mafuta, ipendeze. Mafuta yakawa yananuka kama kalamu za nta za watoto, nami nikailaumu siki. Kumbe siki haikuwa na kosa lolote. Mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoyavundisha mafuta. Hilo lakini huharibu ladha tu. Hili la kitunguu saumu linaweza kutoa roho ya mtu.

Kitunguu saumu hutoka ardhini, na ardhini ndiko waliko bakteria waitwao Clostridium botulinum. Mbegu zao hazifi hata kwa maji yanayochemka. Punje ikiwa mezani, hewa inazizuia kuota. Izamishe kwenye mafuta, mahali pasipo na hewa wala uchachu, katika joto la kawaida la chumba, nazo huweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Sumu hiyo haina harufu wala rangi, na mafuta hayatatoa povu kukuonya. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula mgahawani, na chanzo kilikuwa kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kutiwa kwenye mafuta, kikaachwa bila kuwekwa kwenye friji. Asili kilikuwa nayo. Na hao bakteria nao ni wa asili vilevile.

Kinachoipa sosi maisha marefu ni uchachu na baridi, na vyote viwili havina kemikali za kiwandani kama anavyotaka mwandishi wenu. Bakteria hao hawaoti palipo na pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umezidi) ya 4.6 au chini yake, na siki ya kawaida ya asilimia 5, sawa na maji ya limau, iko chini mno ya hapo. Shida ni kwamba punje nzima iliyozungukwa na mafuta haiionji hiyo siki. Unaweza kuimimina chupani na kitunguu kisichachuke hata kidogo ndani yake.

Kwa hiyo mimi sasa natenganisha. Chupani naweka vitu vinavyokaa: siki, maji ya limau, chumvi, kijiko cha haradali, asali kidogo, na mafuta mara tatu ya siki. Haradali inayashika mafuta na siki yasiachane upesi, na ukali wake nao unawasumbua vijidudu kiasi, ila nisingeitegemea hiyo peke yake. Chupa naichemsha dakika 10, kisha naipindua kwenye kitambaa safi mpaka ikauke kabisa, maana maji yaliyobaki ndani huipunguzia siki nguvu. Nikimaliza naandika tarehe. Kwenye friji, katika nyuzi 4, chupa hiyo nakaa nayo wiki mbili bila wasiwasi.

Kitunguu saumu, kitunguu maji na majani mabichi ya viungo naviongeza bakulini siku ya kula, kwa kiasi cha siku hiyo. Kikibaki, kinarudi kwenye friji na hakizidi siku 4. Sosi ya mayai mabichi au ya mtindi sijaribu hata kuirefushia maisha. Natengeneza kidogo tukamaliza.

Wapo watakaosema friji inaiharibu sosi. Nami niliwahi kumwaga chupa nzima nilipoona mafuta yameganda na kuwa na chengachenga nyeupe, nikidhani ni ukungu. Mafuta ya zeituni huganda kwa baridi. Iache mezani dakika 15, itikise, inarudi kama ilivyokuwa. Adui mkubwa wa chupa yangu kwa kweli ni mume wangu, anayeonja kwa kidole na kukirudisha tena. Nimemwekea kijiko chake pembeni. Matokeo nitawaandikia siku nyingine.

Ninachoomba, Mhariri, ni marekebisho kwenye ukurasa uleule wa mapishi, kwa maandishi ya ukubwa uleule, na si mistari miwili chini ya matangazo. Waliotengeneza chupa ile wiki iliyopita wanayo rafuni hadi leo, na wanangoja ikolee. Waambieni waimwage, wala wasiionje kwanza.

Msomaji wenu wa ukurasa wa mapishi