Barua kwa vijana wa skrepa: hizo shilingi kumi za ziada zinatoka wapi?

Wanangu wa skrepa, nyinyi wa Kisauni, Likoni, Changamwe na Miritini, na wenzenu wa Mtwapa mnaovuka daraja na mikokoteni kabla ya alfajiri,

Salamu kwenu nyote. Juzi mmoja wenu alisimamisha mkokoteni mbele ya kibanda changu, ukiwa na betri tatu za lori. Aliniuliza swali la haki kabisa: "Babu, mbona mnunuzi mpya anatoa shilingi kumi zaidi kwa kilo, na betri ni zile zile?" Nikamwambia afurahi, riziki imeongezeka. Akacheka, akaenda zake. Usiku jibu lile lilininyima usingizi. Nimekuwa fundi betri miaka thelathini na minane na ninajua kwa nini bei inapanda, ila maelezo yake ni marefu kuliko yale niliyompa barabarani. Ndiyo maana nimeomba karatasi.

Nianze na nafsi yangu, msije mkasema mzee anahubiri na mikono yake misafi. Mikono yangu si misafi. Tulikuwa tukipasua betri kwa shoka nyuma ya gereji, tindikali tunaimwaga mtaroni. Risasi, yaani ile metali nzito ya ndani ya betri, tunaiyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya makaa ili tuunde vichwa vipya vya betri, na inayobaki tunawamiminia wavuvi chubwi za mishipi yao. Moshi ukinijia nilikuwa nageuza uso tu. Jioni narudi nyumbani na shati lile lile, nambeba mwanangu wa kwanza. Mtoto yule alichelewa kusema, na shuleni hesabu zilimshinda. Hakuna aliyempima damu, kwa hiyo sitadai kitu. Lakini mchuma janga hula na wa kwao, na mimi langu nililipeleka nyumbani kwenye shati.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini ambacho ni salama. Mwili huipokea kama vile ni madini ya mifupa, ukaiweka akiba humo miaka na miaka, na mama akishika mimba akiba hiyo hutoka ikampata mtoto. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walitoa hesabu yao: mtoto mmoja kati ya watatu duniani, hadi watoto milioni 800, ana risasi ya maikrogramu 5 au zaidi katika kila desilita ya damu. Wengi wao wako kwenye nchi kama zetu.

Sasa tuje kwenye zile shilingi kumi.

Risasi tupu huyeyuka kwa nyuzi 327, hata jiko la makaa laiweza. Tabu iko kwenye ule udongo wa kijivu ulioshika kwenye pleti, vile vibao vya ndani ya betri, ambao ni risasi iliyochanganyika na salfa. Huo unataka tanuri la nyuzi zaidi ya elfu moja, pamoja na makaa na vipande vya chuma. Hapo ndipo moshi wenyewe unapotoka: vumbi la risasi laini kuliko unga wa ngano, na gesi ya salfa inayokwaruza koo. Kiwanda cha haki hupitisha moshi huo kwenye mifuko ya kitambaa ya kuchujia, kikauosha na maji ya chokaa, ndipo kikauachia dohani. Mifuko huziba, ikabadilishwa. Feni hula umeme usiku na mchana. Wafanyakazi hupimwa damu, huoga kabla ya kutoka, na nguo za kazi hulala kazini. Hayo yote ni pesa, na pesa nyingi.

Lakini risasi ikishatoka tanurini, safi au chafu, bei inayofuatwa ni ile inayotangazwa kila siku kwenye soko la metali la London. Soko lile linataka risasi yenye usafi wa angalau asilimia 99.97. Halipimi usafi wa hewa ya mahali ilipoyeyushiwa. Basi mwenye kuchuja na asiyechuja wanatazama bei moja, ila asiyechuja amebakiwa na akiba mfukoni. Akiba hiyo huileta kwenye mizani yenu, akaongeza shilingi kumi, akawavuta nyote kwake. Yule mwenye mifuko anakosa betri, na mwisho anafunga. Hizo shilingi kumi, mwanangu uliyeniuliza, ni bei ya mfuko ambao bwana huyo hakuununua.

Msidhani jambo hili ni la Mombasa peke yetu. Mwaka 2008 Marekani ilikaza sheria yake ya risasi hewani, ikaishusha kutoka maikrogramu 1.5 kwa kila mita ya ujazo hadi 0.15, yaani mara kumi. Nawapongeza, watoto wao ni watoto. Lakini Meksiko jirani ilibaki na 1.5 ile ile. Je, betri za Marekani zilipungua? Zilipanda malori. Tume ya mazingira ya nchi tatu za Amerika Kaskazini ilihesabu mwaka 2013 ikakuta kwamba baina ya 2004 na 2011 betri mbovu zilizovushwa kwenda Meksiko ziliongezeka kwa asilimia 449 mpaka 525. Baadaye wachumi walifuatilia uzazi karibu na viwanda vile vya Meksiko, wakakuta watoto wanaozaliwa na uzito pungufu wameongezeka baada ya sheria ya Marekani kuanza. Moshi ulihama tu, kama maji yanavyotafuta bonde.

Kwetu hadithi inaanza mwaka 2007, na mwaka huo umeniandama kila nilipogusa habari hii. Mwaka 2002 tani moja ya risasi ilikuwa chini ya dola 600. Oktoba 2007 ilikaribia dola 4,000. Kule nje watu walikuwa wakinunua magari na pikipiki za umeme, na kila kimoja kinataka betri. Mwaka huo huo tanuri la kuyeyusha betri lilianza kazi hapa petu, ukuta kwa ukuta na mtaa wa Owino Uhuru, chini ya mpango wa viwanda vya kuuza nje. Na mwaka huo huo, kule Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, akina mama walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili wauze chembe za risasi. Katika miezi michache kuanzia Novemba, watoto 18 walikuwa wamezikwa. Dakar na Mombasa hazikupigiana simu. Zilisikia bei moja.

Ya Owino Uhuru mnayajua, wengine mlizaliwa karibu na pale. Mabati yalioza kwa moshi, kuku wakafa, watoto wakaanza kupimwa damu. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda kile mwaka 2009, akapewa kazi ya kushughulikia ripoti ya mazingira, naye akawashauri mabosi wake kiwanda kihamishwe. Baadaye akagundua kwamba mtoto wake anayenyonya ana risasi mwilini. Akaacha kazi, akasimama na wakazi. Alikamatwa mwaka 2012, mahakama ikamwachia. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Hukumu ikatoka Julai 2020: wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na mzigo uwe wa wenye kiwanda pamoja na mashirika ya serikali yaliyopaswa kuwalinda. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikayatengua malipo hayo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Hesabuni wenyewe: tangu tanuri lifungwe mpaka neno la mwisho la majaji ni miaka kumi, na risasi ya tanuri lile ilikwishapakiwa melini zamani.

Hapo kwenye meli nataka mnisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapotelezea. Mtasikia kwamba kuna mikataba, nayo ipo kweli. Mkataba wa Basel wa 1989 unabana usafirishaji wa taka za sumu, na wa Bamako wa 1991 umezikataza kabisa kuingia Afrika. Ni mikataba mizuri. Lakini inatazama taka. Betri mbovu ni taka. Tofali la risasi ni bidhaa, lina cheti, linapita forodhani kichwa juu. Kwa hiyo tajiri hana haja ya kutuletea taka yake. Inatosha anunue tofali, na uchafu wa kulitengeneza ubaki ulipotengenezwa. Gari kuukuu nalo linashuka bandarini Kilindini na betri yake kifuani, halihesabiwi kuwa taka, ni gari.

Na yako maneno yaliyowahi kuandikwa wazi juu ya jambo hili. Waraka wa ndani wa Benki ya Dunia wa Desemba 1991, wenye saini ya mchumi wake mkuu Lawrence Summers, ulivuja. Ulisema kwa hesabu ya uchumi kwamba viwanda vichafu vihimizwe kuhamia nchi maskini, na kwamba nchi za Afrika zenye watu wachache hewa yake haijachafuliwa vya kutosha. Baadaye walieleza kuwa ilikuwa kejeli ya kuchokoza mjadala. Haya, tuseme ni kejeli. Mimi nikitazama bei ya betri mizanini naona kejeli hiyo imeota miguu, inatembea na risiti.

Wanasayansi nao walikwishaipima upande wa moshi wote, si wa risasi tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulitazama vifo vya mapema vilivyoletwa na chembechembe laini za hewa chafu duniani katika mwaka 2007 (tena huo!). Vilikuwa milioni 3.45. Kati ya hivyo, 762,400 vilitokana na bidhaa na huduma zilizozalishwa upande mmoja wa dunia zikatumiwa upande mwingine. Manunuzi ya Marekani na Ulaya Magharibi peke yake yalihusishwa na vifo zaidi ya 108,600 nchini China. Mwenye shati yuko huku, na mwenye kikohozi yuko kule.

Sasa nawataka nini? Siwaambii muache kazi. Betri za matatu, za tuktuk na za sola za mashambani hazina pengine pa kwenda, na risasi ni metali inayoweza kurudi kazini mara nyingi bila kuchoka. Wala suluhisho si kupiga marufuku. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu nchi nzima kuanzia Januari, ikairuhusu tena Mei. Sababu ilikuwa wizi wa nyaya na nguzo za umeme, si moshi, na mlioumia ni nyinyi wa mikokoteni.

Ninachotaka ni hiki. Betri msiipasue, na tindikali yake msiimwage. Mnunuzi akisema anaitaka kavu ili asibebe uzito wa tindikali, mwambieni aichukue ilivyo au aiache, kwa sababu mtaro huo unapita mlangoni kwa mama yenu. Mizanini mumuulize: zinakwenda tanuri gani, mahali gani? Akikwambieni "hayo hayakuhusu," mmekwisha jibiwa. Nguo za kazi zisiingie chumbani kwa watoto. Hili namwambia hata yule ambaye hatanisikiliza kwa lolote jingine.

Na kama ni kweli nilivyosikia, kwamba kuna mtu anatafuta kiwanja cha kujenga tanuri kule bara ya Miritini, basi msiende kwenye mkutano kuulizia nafasi za kazi kwanza. Sheria ya mazingira ya 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya ujenzi, nanyi mna haki ya kuisoma na kuitolea maoni. Ulizeni habari za mifuko: mingapi, nani ataikagua, na lile vumbi litakalonaswa litazikwa wapi. Ulizeni tathmini ilifanywa mwezi gani. Mtu akipima upepo wakati wa kaskazi peke yake, atawaonyesha ramani ya moshi unaokwenda kusikokuwa na nyumba. Kusi ikiingia, ramani ile imegeuka juu chini, na nyumba zilizokuwa salama ziko ndani ya moshi. Mvuvi yeyote anaijua hiyo, lakini wavuvi hawaitwi kuandika tathmini.

Someni pia kifungu cha 70 cha katiba yetu ya 2010. Kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki ya mazingira safi, na kinasema halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu amekwisha kupata hasara au kuumia. Watu wa Owino Uhuru walikwenda na damu ya watoto wao kama ushahidi. Nyinyi mnaweza kwenda mapema, na karatasi tu.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri nipo kibarazani kwangu, nina nakala ya kifungu hicho kwa Kiswahili na miwani yangu mipya. Kila mmoja aje na risiti alizopewa mizanini mwezi huu, tuone majina ya wanunuzi yaliyomo. Na yule bwana wa shilingi kumi mwambieni anakaribishwa, kahawa ipo na kiti kipo.

Mzee wenu,
Fundi Chaji
Kisauni, Mombasa