Barua kwa binti yangu aliyenialika kwenye shoo ya metali

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, baba yako anakusalimu. Uliponiuliza pale nje baada ya shoo ya bendi yenu ya metali, muziki ule wa magitaa mazito na sauti za kunguruma, "Mama, umeonaje?", nilikujibu "vizuri" tukaishia hapo, kwa sababu wenzako walikuwa wanakuita mkapakie vyombo. Najua hilo lilikuwa jibu la adabu tu, na mimi sikukulea uridhike na majibu ya adabu. Ndiyo maana nakuandikia.

Naanza na sauti, maana ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi tangu uliponiambia kwamba wewe ndiye mwimbaji wa bendi. Nimeimba kwaya tangu usichana wangu, na walimu walionifundisha walikuwa wakali kuhusu koo kuliko kuhusu jambo lingine lolote. Niliposikia rekodi yenu kwenye simu nilisema moyoni: huyu mtoto atafika miaka thelathini hana sauti ya kuitia hata paka. Kwa hiyo nilipofika ukumbini sikutafuta mahali pa kuona bendi. Nilitafuta mahali pa kuona shingo yako. Nikasimama pembeni karibu na ukuta, upande wa kulia wa jukwaa, nikakutazama kama daktari.

Mtu anayepiga kelele kwa koo huwa hajifichi. Mabega yanapanda, mishipa ya shingo inasimama, kidevu kinatangulia mbele, na ukimsemesha baada ya dakika kumi anakujibu kwa sauti iliyokauka. Wewe mabega yako yalikuwa chini. Kilichokuwa kikifanya kazi ni mbavu na tumbo, nikaona hata fulana ikitanuka kiunoni kabla ya kila mngurumo. Na baina ya wimbo na wimbo ulikunywa maji, ukawasalimia watu kwa sauti ile ile ninayoijua, safi kabisa. Hapo nikapumua.

Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, unanijua. Nimeelewa kwamba juu ya nyuzi zetu za sauti kuna mikunjo mingine miwili, ambayo wataalamu huiita nyuzi bandia. Tunapozungumza hukaa kando, na kazi yake kubwa ni kusaidia kuziba njia ya hewa tunapomeza. Ninyi mnaonguruma mmejifunza kuisogeza karibu na kuitetemesha kwa pumzi, na ndiyo inayotoa kwa kiasi kikubwa ule mkoromo mzito. Umbo la koo na mdomo ndilo linalouongezea kiza. Yaani hupigi kelele. Unatumia kiungo ambacho mimi nimeimba miaka yote bila kukigusa. Na msingi wake ni pumzi, kama kwetu. Mwalimu wangu wa kwaya angekukemea kwa wimbo wenyewe, lakini kwa pumzi angekupa alama zote.

Nimesoma pia habari za yule Mjerumani, Angela Gossow, aliyeingia bendi ya Arch Enemy mwaka 2000 akanguruma mbele ya wanaume wanne kwa zaidi ya miaka kumi. Nilimtafuta nikamsikiliza. Wewe una uzito zaidi chini, yeye ana makali zaidi juu. Hayo ni maoni ya mama, yapokee hivyo hivyo. Ila nakuomba jambo moja la koo: ukiamka kesho yake na maumivu, usijiambie kwamba sauti inakomaa. Maumivu ni jeraha. Na ukikaa na sauti ya mkwaruzo zaidi ya wiki tatu, usingoje. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akutazame.

Maneno sikusikia hata moja, nisikudanganye. Lakini ile karatasi ya mashairi uliyonipa niliisoma kwa mwanga wa simu. Ule wimbo wa taratibu, wa nne kama sikosei, kumbe ni wa bibi yako alipokuwa anaumwa. Nilimsomea baba yako beti mbili za kwanza, akaniomba karatasi akamalizia mwenyewe. Bado anayo, hajanirudishia.

Sasa ukumbi wenyewe. Nilitegemea kitu cha kutisha, nikakuta kazi. Chumba kidogo kisicho na dirisha, jukwaa la kimo cha goti, na nusu ya waliokuwa wakisikiliza ni wanamuziki wa bendi nyingine wanaongoja zamu yao. Bendi ya kwanza ilipomaliza, wale wale walioshuka jasho likiwatiririka ndio waliokuja mbele kushangilia ya pili. Dramu ilikuwa moja kwa wote, ila kila mpigaji alipanda na matoazi yake, ngoma yake ndogo ya katikati na pedali zake za miguu. Chini ya dramu mlitandika kizulia kikuukuu. Nilidhani ni pambo, hadi nilipoona lile ngoma kubwa linavyotaka kutembea kila linapopigwa kwa miguu miwili, na kizulia ndicho kinacholizuia. Orodha ya nyimbo mmeiandika kwa kalamu nzito na kuibandika sakafuni kwa gundi ya karatasi. Baina ya bendi na bendi watu hawakukaa bure: huyu anakunja waya, yule anabeba spika, mwingine anauza fulana mezani ili pesa ya mafuta ya gari ipatikane. Vijana wanaosema ni andagraundi, yaani muziki usio na kampuni kubwa nyuma yake, wanadhani ni sifa ya kujivunia. Mimi nimeona ni hesabu tu: hakuna wa kukubebea.

Na yule fundi mitambo wenu, mpelekee shukrani zangu. Alikuwa mtu mmoja tu mwenye meza ndogo ya sauti, na bado nilisikia besi ikiwa peke yake na gitaa likiwa peke yake. Nimewahi kuimba kwenye kumbi kubwa zenye vyombo vya gharama ambako hata hilo lilishindikana.

Kuhusu gitaa nina malalamiko. Sisi kwenye kwaya tunajenga sauti kwa do, mi, so. Mimi ni sauti ya pili, kwa hiyo maisha yangu yote nimekuwa nikiimba mi. Nikamsikiliza mpiga gitaa wenu wimbo mzima nikigundua kwamba anapiga do na so, do na so. Mi mmeitupa! Nilipomuuliza pale mezani alinieleza vizuri sana, kijana ana subira. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya wimbi la sauti, na kule kukatwa huzaa sauti nyingine nyingi ambazo hazikupigwa na mtu. Do na so zinaafikiana hata zikikatwa hivyo. Ukitia mi katikati, zile sauti za ziada zinagombana na kinachotoka ni uji mtupu. Basi nimesamehe, ingawa nimeumia kidogo. Na alinionyesha pia jinsi gitaa linavyolia lenyewe likisogezwa mbele ya spika: waya unatetemeka, sumaku iliyo chini yake inageuza mtetemo kuwa umeme, spika inautoa kama sauti, na sauti hiyo inarudi kuutetemesha waya upya. Alikuwa akisogea nusu hatua tu, mbele au nyuma, na mlio unabadilika. Ile nusu hatua ni mazoezi ya muda mrefu, usiniambie ni kelele.

Huyo huyo ndiye aliyenisimulia habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, bendi ya kule Birmingham, Uingereza, inayohesabiwa kuwa mwanzilishi wa muziki huu. Nilidhani muziki huu ulizaliwa na watu waliotaka kutisha wenzao. Kumbe alikuwa kijana wa miaka 17 katika kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa kushoto, kwa hiyo huo wa kulia ndio mkono wake wa kubania nyuzi. Msimamizi wake kiwandani akampelekea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, aliyekuwa akipiga gitaa kwa vidole viwili baada ya kuungua moto. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zaidi ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea hutoa sauti ya chini, na uzito ule mnaoufuata hadi leo umetoka humo pia. Albamu yao ya kwanza ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, na inasemekana sehemu kubwa waliirekodi kwa siku moja. Tangu nisikie hayo nawaheshimu zaidi.

Shangazi yako ameniuliza kuhusu zile pembe za vidole, pale watu wanapoinua kidole cha shahada na cha mwisho, kama ni za shetani. Nimemjibu kwamba aliyezieneza, mwimbaji wa metali Ronnie James Dio, alisema alizipata kwa bibi yake mwenye asili ya Italia, aliyekuwa akizitumia kukinga jicho baya. Kwa hiyo ni kinga ya husuda. Akanyamaza, na si kawaida yake.

Pale katikati wanapogongana ndipo nilipoogopa, nakiri woga wangu. Wimbo ulipobadilika kasi watu walirudi nyuma, uwazi ukatokea, halafu wakaingia mbio wakipigana mabega. Lakini nilikaa nikitazama, na nilichokiona ni hiki. Mmoja alidondoka, kabla sijamaliza kusema "Mungu wangu" alikuwa ameshanyanyuliwa na mikono minne. Mwingine alichuchumaa kufunga kamba ya kiatu, na watu wawili asiowajua wakasimama juu yake wameinyoosha mikono kama ukuta hadi amalize. Kikapatikana kiatu kimoja sakafuni, kikanyanyuliwa juu, kikapita mkono kwa mkono hadi mwenyewe akakipokea kule nyuma. Nimesoma kwamba mwaka 2013 wanafizikia wa Marekani walichunguza video za maonyesho kama haya wakakuta watu hao huenda huku na huku kama chembe za gesi. Wana haki yao, ila chembe za gesi hazirudishi kiatu. Kulikuwa na jamaa mmoja tu aliyekuja na viwiko, anawalenga wadogo. Sikuona mlinzi akiingia. Niliona vijana watatu wakimzunguka, wakamsindikiza taratibu kwa mabega hadi pembeni, na muziki haukusimama.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu. Pale mlangoni ulinipa vile vizibo vya masikio vya sponji, ukanifundisha kuvibiringisha viwe vyembamba, kuvuta sikio juu na nyuma, kuvisukuma ndani na kuvishikilia hadi vitanuke. Ulifanya kwa upendo, nikafurahi. Halafu ukapanda jukwaani masikio yako yakiwa wazi, tena toazi lile kubwa limekaa hatua moja nyuma ya sikio lako la kushoto. Nilikuona!

Sikia hesabu. Wataalamu wa afya kazini wanasema sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) mtu asiisikilize zaidi ya saa nane kwa siku. Kila ikiongezeka desibeli tatu, muda unakatwa nusu. Ikifika 100, una dakika 15. Ikifika 109, hujamaliza hata wimbo mmoja. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kumbini wastani usizidi 100, na hapo linamfikiria msikilizaji aliyekuja usiku mmoja, si wewe unayefanya mazoezi wiki nzima. Ndani ya kila sikio kuna chembe za vinyweleo takriban 15,000 zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Brian Johnson wa bendi ya roki ya AC/DC, mwimbaji kama wewe, mwaka 2016 madaktari walimwambia aache kuzunguka na bendi mara moja la sivyo awe kiziwi kabisa, na ziara ikaendelea na mtu mwingine.

Najua utasema sponji zinakata sauti za juu, husikii uko wapi katika wimbo. Ni kweli, nilijaribu kuimba navyo jikoni nikajisikia niko ndani ya pipa. Lakini kuna vizibo vya wanamuziki vyenye kichujio, vinavyopunguza sauti za juu na za chini karibu sawasawa. Nimekuagizia. Mpiga dramu naye mwambie.

Na shingo. Kuna watafiti wa Australia waliandika mwaka 2008 katika jarida la madaktari la Uingereza kwamba wimbo wa kawaida wa kutikisia kichwa una mapigo kama 146 kwa dakika, na kwa kasi hiyo ukizungusha shingo zaidi ya digrii 75 unajitafutia kuumia. Wameshauri, nusu kwa utani nadhani, utikise kila pigo la pili. Hilo ninakuachia, ni mpiga besi wenu anayenipa wasiwasi, yule mwenye nywele ndefu.

Niambie mapema mkishajua tarehe ya shoo nyingine. Shangazi yako anataka kuja, anauliza kama kuna viti. Nimemwambia hakuna, na bado anataka kuja. Mwekee vizibo vya sponji, na fulana saizi kubwa ile nyeusi yenye jina lenu ambalo mpaka leo sijaweza kulisoma.

Mama yako