Tutoe eneo la barabara kabla ya bikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakazi wenzangu wa miji midogo ya Tanzania, hasa wale ambao vitongoji vyao, kama changu, viko kwenye urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima maeneo yaliyojengwa bila mpango ili wenye nyumba wapate hati. Mimi ni mjumbe wa kamati ya urasimishaji. Nimepita nyumba kwa nyumba na wapima, na ninachokiona kinaniumiza: kila mtu anataka hati, lakini hakuna anayetaka barabara ipite kwake.

Nieleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Masika iliyopita, saa nane za usiku, mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu. Bajaji ilikuja, ikaishia barabara kubwa. Kutoka pale hadi kwake ni kichochoro: mkono huu ukuta wa tofali, mkono huu choo cha jirani kilichojengwa mpaka kwenye njia. Vijana wanne walimkalisha kwenye kiti cha plastiki wakambeba. Walipofika penye choo hawakuenea. Wawili wakabaki nyuma, wawili wakapita kiubavu na kile kiti, mmoja akachubuka bega hadi damu. Mama na mtoto ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mwenye choo alikuwepo usiku ule. Ndiye aliyeshika tochi.

Sasa nafasi ya kurekebisha tumeipata, nayo ni fupi. Mipaka ya kila kiwanja inatambuliwa kwanza, majirani wakiwepo. Kisha afisa mipango miji anaandaa mchoro, wananchi wanauona na kuusemea, unakwenda kuidhinishwa. Baada ya hapo ndipo wapima wanapanda bikoni, yaani alama za kudumu za mipaka, na ramani ya upimaji ikishapitishwa ndiyo msingi wa hati. Barabara inazaliwa kwenye mchoro. Ikikosekana pale, kila hatua inayofuata inazidi kukifunga kile kichochoro. Hatimiliki inaweza kutolewa hadi miaka 99. Tukiziba njia leo tumewazibia na wajukuu, na atakayetaka kumrudisha jirani nyuma mita moja baada ya hati kutoka atakuwa anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba.

Barabara za ndani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na mara nyingi tunawalaumu kwamba hawatuchongei. Greda litapita wapi, katikati ya banda la kuku na jiko la mtu? Gari la majitaka nalo haliingii, ndiyo maana vyoo vikijaa tunachimba kingine pembeni mpaka kiwanja kinakwisha. Nguzo za umeme na mabomba ya maji yanapita uani kwa watu kwa sababu hiyo hiyo.

Wanaokataa wana sababu zao na sitaki kuzidharau. Kubwa ninayoisikia ni fedha. Miaka ya nyuma kampuni moja ilikusanya michango ya watu hapa kwetu, ikapanda vigingi vya miti na kupaka rangi kwenye kuta, kisha simu zikawa hazipokelewi. Mama mmoja alinionyesha risiti yake, ameihifadhi ndani ya Biblia. Mtu wa namna hiyo ukimwambia tena atoe kipande cha kiwanja, lazima akutazame mara mbili. Safari hii tumekubaliana kwenye mkutano wa kitongoji kwamba hakuna anayepokea fedha mkononi. Malipo yanakwenda benki, kwenye akaunti ya mradi, kampuni inalipwa kwa hatua iliyokamilika, na taarifa ya akaunti inasomwa mbele ya wananchi. Vitongoji vingine navyo vidai hivyo hivyo, na viulize mapema kama kampuni ina wapima na wataalamu wa mipango miji waliosajiliwa.

Sababu nyingine ni ukubwa wa kiwanja. Mwenye eneo dogo akitoa mita mbili anaumia kuliko mwenye eneo kubwa, na sisi hatulipi fidia. Mkutano ulikubali kila mtu atoe kwa hiari. Kwa maoni yangu, kugawa sawa sawa pande zote mbili za njia si haki kila mahali. Upande wenye ua wa minyaa utoe zaidi, upande wenye nyumba upumue. Na anayelazimika kubomoa kitu asiachiwe mzigo peke yake. Mwenye choo tulimwendea jioni kama majirani, bila makaratasi. Alisema hana fedha za kuchimba shimo jingine, basi. Kumbe hakuwahi kukataa, hakuna aliyemuuliza. Vijana wamechimba, wenye tofali wametoa tofali, saruji tumechanga. Kilichobaki ni kuezeka, kisha kile cha zamani kibomolewe.

Kuna jambo moja la kwenye fomu ambalo siwezi kulipita. Akina baba wengi wanaandikisha jina lao peke yao, hata pale ambapo kiwanja kilinunuliwa kwa fedha za genge la mama. Sheria ya Ardhi ya 1999 inawaruhusu mume na mke kumiliki pamoja. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Andikeni majina yote mawili. Nimeshakaa kwenye vikao viwili vya mirathi ambapo mjane alikuwa anaulizwa na shemeji zake yeye ni nani katika nyumba aliyoisiriba kwa mikono yake.

Kwa maafisa wa halmashauri nina ombi moja. Mchoro usibandikwe ofisini kwenu tu, ambako wengi wetu hatufiki. Uleteni na kwetu, na aje mtu wa kuueleza, kwa sababu wazee wengi hawajui kusoma ramani na wanaona haya kuuliza.

Wa kwetu umeshabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kitongoji, na maoni bado yanapokelewa. Nendeni mkauangalie, mume na mke pamoja. Itafuteni nyumba yenu, halafu fuateni kwa kidole njia ya kutoka mlangoni kwenu hadi barabara kubwa. Kidole kikikwama mahali, mwiteni mjumbe wa kamati siku hiyo hiyo.

Mjumbe wa kamati ya urasimishaji,
Mkazi wa mji mdogo