Risala ya wafanyabiashara na wakazi wa Mtaa wa Sokoni kwa mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wakati wa kufunga mafunzo ya kinga na tahadhari ya moto

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, walimu wetu,
Viongozi wa dini,
Wafanyabiashara wenzetu, wakazi, mama lishe, mafundi na vijana wa bodaboda,
Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe kwa kuja siku ya gulio, maana tunajua leo wilaya nzima inakuhitaji.

Umoja wetu una wauza vitenge, magodoro na vifaa vya umeme, mafundi simu, wenye mashine za kusaga, mama lishe, na familia zinazopanga ghorofani juu ya maduka hayo hayo. Hapa kwetu kati ya nyumba na biashara kuna dari tu. Moto ukianza dukani saa nane za usiku, wa kwanza kuvuta moshi ni mtoto aliyelala juu.

Mafunzo haya tuliyaomba wenyewe. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua Soko Kuu la Kariakoo, ambako wengi wetu hufuata mizigo. Hata mwaka haukuisha, tarehe 16 Januari 2022 likateketea soko la Mchikichini, lile tunaloliita Karume. Jirani zetu wa Nairobi wana Gikomba, soko ambalo limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 ulichukua maisha ya watu 15. Mheshimiwa, mfanyabiashara akiunguliwa, marejesho ya mkopo hayasimami kumsubiri. Ndipo tukasema tuanze kujikagua kabla hayajatufika.

Tuliyoyakuta yanachekesha, lakini si ya kuchekea. Karibu kila duka lina mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Kuna uliokuwa umezibwa na marobota ya mitumba. Kuna uliokuwa ukizuia mlango usibamizwe na upepo. Kuna ambao mshale wa geji ulikuwa umeshuka chini ya eneo la kijani, maana yake msukumo umekwisha, na mwenyewe anaufuta vumbi kila asubuhi ukang'aa. Wengi tulinunua mtungi ili mkaguzi akija auone. Moto hauna habari na mkaguzi.

Walimu wetu walituonyesha pia kwamba mitungi haifanani kazi. Wa unga mkavu unafaa kwa mengi: mbao, nguo, petroli, hata umeme. Lakini fundi simu akiupuliza kwenye meza yake, moto utazima na simu za wateja zitaharibiwa na unga huo. Yeye anafaa kuwa na wa kabonidayoksaidi, ambao hauachi masalia. Huo nao hauna geji, kwa hiyo lazima upimwe uzito kujua kama bado umejaa. Na wa maji usiuelekeze kwenye umeme wala kwenye mafuta yanayowaka. Haya hatukuwahi kuambiwa na waliotuuzia, tuliambiwa bei.

Siku ya vitendo, Mheshimiwa, ndiyo iliyotufungua macho. Waliwasha moto kwenye pipa lililokatwa, wakampa mwenzetu mmoja muuza magodoro mtungi wa kilo sita. Akavuta pini, akabonyeza, akapulizia pale ndimi za moto zilipokuwa zinarukaruka juu. Wingu jeupe likatufunika sote, watu wakakohoa, na moto ukabaki pale pale. Unga wote ukaisha hata dakika haijafika. Akafuata mama lishe. Yeye alisimama upande upepo unakotoka, akainama, akaelekeza mdomo wa mpira chini kabisa kwenye kitako cha moto na kupepea kushoto na kulia kama anayefagia. Moto ukazima, na mtungi ulikuwa bado na akiba. Tangu siku hiyo muuza magodoro anaitwa Wingu, na jina limemkaa.

Kuhusu umeme tutasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiko hofu yetu ilipo. Nyumba nyingi za mtaa huu zilifungwa nyaya wakati mpangaji alikuwa na taa mbili na redio. Leo chumba hicho hicho kina friji, pasi, jiko la umeme na televisheni, vyote vikining'inia kwenye ekstensheni moja iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Waya wa milimita za mraba 1.5, ambao kazi yake ni taa, unakuta umepelekwa kwenye soketi inayohitaji 2.5. Unapata joto taratibu ndani ya ukuta, ganda linalainika, na siku moja nyaya zinagusana. Saketi breka ipo ili ikate kabla ya hapo. Lakini ikikata mara mbili tatu, mtu anamwita fundi wa mtaani, fundi anaweka breka kubwa zaidi, na wote wanafurahi kwamba umeme haukatiki tena. Tumekubaliana kwamba fundi asiye na leseni hatagusa swichi kuu ya jengo lolote la mwanachama, hata kama ni shemeji yake.

Kwa upande wa gesi, mama lishe wametangulia kuliko sisi wenye maduka. Mitungi sasa inakaa wima, nje ya banda, na kila wanapobadilisha wanapaka povu la sabuni kwenye maungio kuangalia kama kuna kinachochemka. Wanajua gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini sakafuni, hivyo ukisikia harufu unafungua milango na kufunga koki, huwashi wala huzimi taa.

Wenye maghala walivutiwa na vinyunyizio vya maji vya kwenye dari. Wengi tuliamini, kwa sababu ya sinema, kwamba kimoja kikifunguka vyote vinafunguka na mali yote inalowa. Kumbe kila kimoja kina kichupa cha kioo chenye kimiminika, kile chekundu hupasuka joto likifika nyuzi 68, na kinachofunguka ni kile tu kilichopata joto. Ni mfumo wa gharama na unahitaji tangi la uhakika, kwa hiyo hatudanganyi kwamba kila duka litauweka. King'ora cha moshi cha betri ni jambo jingine. Hicho hata mpangaji anakiweza, na tumeanza kuvifunga kwenye dari za ngazi na korido, mbali kidogo na majiko, la sivyo kitalia kila chapati inapogeuzwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, liko moja linalotuumiza. Madirisha yetu yote yana nondo. Mlango wa ghorofani una geti la chuma, na geti lina kufuli ambalo funguo zake anazo baba. Mwaka 2001 wanafunzi 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos; madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Sisi tumejenga vivyo hivyo majumbani mwetu, kwa hiari yetu na kwa gharama kubwa, kwa sababu tumemwogopa mwizi kuliko moto. Wachomeleaji wa mtaa huu wamekubali kutengeneza nondo za bawaba, zinazofunguka kwa ndani kwa komeo lisilo na ufunguo, angalau dirisha moja kwa kila nyumba. Wameshaanza, na bei yao ni ya ujirani. Hata hivyo wenye nyumba wengi wanamwambia mpangaji kwamba ukuta ni wao. Tunaomba sauti yako hapo, Mheshimiwa, kwa sababu mpangaji akisema anaambiwa ahame.

Risala nyingi huishia kwenye bati na saruji. Sisi tunaomba njia na maji. Gari la zimamoto haliwezi kuingia katika kichochoro cha nyuma ya soko. Meza zetu tumeshazirudisha nyuma, lakini kuna vibanda vya kudumu ambavyo umoja hauna mamlaka navyo. Vilevile, kwenye kona ya msikiti palikuwa na bomba la maji la zimamoto. Wazee wanapakumbuka, sasa pamefukiwa na tabaka za barabara. Tunaomba mamlaka husika zilifukue, zilipime kama lina msukumo, kisha palindwe pasiwekwe gari wala mzigo. Nambari 114 tumeibandika kila nguzo, lakini gari likija na kuishiwa maji tutabaki tunatazamana. Na majengo mapya yanayoombewa vibali, tunaomba michoro yake ipite kwa maofisa wa zimamoto kabla ya msingi kuchimbwa. Ngazi ya pili ya kutokea haiwezi kuongezwa jengo likishahamiwa. Waulizeni wenye majengo ya zamani wanavyohangaika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha. Kabla hujatukabidhi vyeti, mama lishe wetu watawasha sufuria ya mafuta na kuizima kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri. Tunakuomba wewe na msafara wako msogee huku, nyuma ya kamba, maana upepo unavuma kuelekea jukwaani.

Ahsante sana, na karibu.