Kwa nini gereji yetu haikati paa la gari

Msimu wa harusi ukikaribia, simu za gereji yetu hubadilika. Wanaopiga hawaulizi breki wala redieta, wanauliza bei ya kukata paa. Mtu ana gari lake la saluni la Kijapani, injini nzima, kiyoyozi kinapuliza vizuri, anataka igeuke gari la wazi la maharusi ili bibi harusi aonekane na mpiga picha apate kazi safi. Anauliza ni siku ngapi na shilingi ngapi. Jibu letu ni kwamba hatukati, na kwenye simu jibu hilo husikika kama uvivu au kiburi. Ndiyo maana nimekaa kuliandika kwa kirefu, na nitaanzia kwa kijana mmoja aliyetufikia akiwa ameshakata.

Alikuja na gari lililokatwa kwenye gereji nyingine. Kazi kwa macho ilikuwa nzuri: kingo zimesagwa na grenda, zikapigwa puti, zikapakwa rangi nyeupe ya kung'aa. Shida aliyoileta ilikuwa milango. "Fundi," akaniambia, "watu wakikaa wanne, milango ya nyuma haifunguki. Juzi bwana harusi ameruka juu kama anatoka kwenye boti." Nikapitisha kidole kwenye mwanya wa mlango. Chini kidole kiliingia chote. Juu, hata karatasi haikupita. Kona ya kioo cha mbele ilikuwa na ufa uliokwisha kutembea kama shubiri moja.

Sikumweleza kitu. Nilichukua jeki, nikaiweka katikati ya kizingiti, ule mkunjo mnene wa bati unaopita chini ya milango, nikapandisha kidogo tu. Mlango ukafunguka kwa kidole kimoja. Nikashusha jeki, ukabana tena. Kijana akaangalia jeki, akaangalia mlango, akasema, "Kwa hiyo gari limepinda katikati." Ndivyo. Magurudumu yanalishika kwa mbele na nyuma, tumbo linashuka, na nguzo za milango zinaegemeana kwa juu. Nilipomaliza kumwonyesha alinyamaza, maana alikuwa amekopa kulinunua.

Saluni nyingi za leo hazina chesisi, ile fremu nene ya chini, ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sakafu, vizingiti, nguzo na paa vimeshonwa pamoja na kila kimoja kinabeba sehemu yake ya mzigo. Chukua debe la mafuta ya kula, zima, uweke mguu juu: linakubeba. Kata upande wake mmoja kama watu wanavyofanya wakitaka la kupandia maua, kisha lishike kona mbili ulisokote. Linanyumbulika mikononi. Bati ni lilelile, unene ni uleule, kilichoondoka ni upande uliokuwa unazishika pande nyingine zisikimbiane.

Baadhi ya wateja hunijibu: mbona Wazungu wanatengeneza magari ya wazi, tena yenye mwendo wa ajabu? Ni swali zuri, na jibu lake napenda kulitoa kupitia gari ninaloliheshimu kuliko yote ya aina hii, Bugatti Veyron ya wazi, iliyotengenezwa Molsheim, Ufaransa.

Veyron ya kwanza, yenye paa, ilianza kutengenezwa mwaka 2005. Injini yake ni ya lita 8, silinda 16, tabo 4 za kusukumia hewa ndani ya injini, na inatoa nguvu za farasi 1001. Mwendo wake wa juu unapita kilomita 400 kwa saa. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2008, kampuni ilionyesha kule California toleo la wazi, Grand Sport. Ukiliangalia kwa mbali utadhani wamechukua gari lilelile wakalivua kofia. Ukilisoma kwa ndani utakuta walilazimika kulisuka upya.

Kazi yote iliyokuwa inafanywa na paa ilitafutiwa mahali pengine pa kukaa. Vizingiti vya pembeni viliimarishwa. Mgongo wa katikati ya sakafu, unaogawa viti viwili, nao uliimarishwa, na chini yake kukawekwa bamba la nyuzi za kaboni, kitu chepesi lakini kigumu, ili kupunguza kujisokota. Nguzo zilizo nyuma ya milango zilipewa mihimili ya kaboni. Milango yenyewe ikawa ya kaboni, na ndani ya kila mmoja kukapita boriti kwa urefu wake, ili gari likigongwa kwa mbele nguvu ya kishindo ipite kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma kupitia mlangoni, kwa kuwa juu hakuna njia tena. Hata yale matundu mawili ya kuingizia hewa ya injini, yaliyoinuka nyuma ya vichwa vya abiria, yalijengwa kwa kaboni yawe ngao endapo gari litabiringika. Kwa fundi wa bodi, huo mlango ndio wa kuvuliwa kofia kwa heshima. Mlango wa saluni tunayoletewa sisi una chuma cha kukinga ubavu, basi. Haukupangiwa kubeba kazi ya paa.

Halafu kuna uzito, na hapa ndipo wateja wengi hushangaa. Mtu anaamini akikata paa gari litakuwa jepesi, litumie mafuta kidogo. Mwaka 2012 Bugatti walileta toleo kali zaidi la gari la wazi, Grand Sport Vitesse, la nguvu za farasi 1200. Tayari walikuwa na ndugu yake mwenye paa, Super Sport, mwenye nguvu hizohizo. Super Sport lina kilo 1838. Vitesse lina kilo 1990. Lisilo na paa zima ndilo zito, kwa kilo 150 hivi, na hao ni watu wanaotumia kaboni palipo na nafasi ya kutumia kaboni. Ugumu ukiuondoa juu lazima uulipie chini, na malipo yake ni kilo.

Tarehe 6 Aprili 2013, kwenye uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien huko Ujerumani, dereva Mchina Anthony Liu aliliendesha Vitesse likiwa wazi hadi kilomita 408.84 kwa saa. Nimekuwa nikitafakari tarakimu hiyo kwa miaka. Upepo si rafiki. Mwendo ukizidishwa mara mbili, msukumo wa hewa unakuwa mara nne, na injini inatakiwa kutoa nguvu za farasi mara nane ili kuushinda. Gari la wazi lina adhabu ya ziada: hewa ikishavuka kioo cha mbele inaporomokea chumbani na kuzunguka humo, inavuta gari nyuma na kupiga masikio ya waliokaa. Kwa Grand Sport ya kwanza, ukiondoa paa lake gumu la kuvuliwa, mwendo wa juu ulikuwa unapunguzwa kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Kwenye Vitesse wakaongeza kizuizi cha upepo kinachokunjwa na kusimamishwa nyuma ya viti, ili dereva aweze kwenda kasi bila paa na bado akasikia kinachosemwa na jirani yake.

    

Mrithi wa hizo Bugatti za wazi ni W16 Mistral, iliyoonyeshwa mwaka 2022, magari 99 tu, nguvu za farasi 1600. Novemba 2024, kule Papenburg, Ujerumani, dereva Andy Wallace aliifikisha kilomita 453.91 kwa saa, wazi kabisa. Hata hapo hawakuchukua Chiron, Bugatti yenye paa iliyofuata Veyron, wakaikata kwa juu. Mwili wake, pamoja na kioo cha mbele kilichojipinda hadi ubavuni, ulichorwa kwa ajili ya gari lisilo na paa, na matundu ya hewa nyuma ya viti yalitengenezwa yaweze kubeba uzito wa gari zima likipinduka.

Sasa rudi kwenye saluni ya harusi. Anayeikata kwa grenda haimarishi kizingiti, haweki boriti mlangoni, hana ngao ya kubiringika. Kuna mambo mengine ambayo mteja haambiwi. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana eabegi za pazia, mifuko ya hewa ya kukinga vichwa inayoshuka juu ya madirisha gari likigongwa, na zimefichwa kwenye ukingo wa paa pamoja na mtungi wake mdogo wa gesi ya mgandamizo. Fundi akipitisha grenda hapo bila kujua, anajiweka hatarini yeye mwenyewe. Mkanda wa kiti cha mbele umefungwa juu kwenye nguzo ya katikati, ukikata nguzo hiyo mkanda umekosa pa kushikia. Na bima, kabla hujagusa chochote, waulize kwa maandishi kama wataendelea kukulipia gari lililobadilishwa umbo. Tumeona watu wakiuliza baada ya ajali.

Tena kuna mvua. Bugatti wenyewe walijua kwamba paa gumu la Grand Sport halina pa kuwekwa ndani ya gari, ukiliacha nyumbani umeliacha. Wakaweka kwenye buti paa dogo la kitambaa linalofunguliwa kama mwavuli, kwa ajili ya kukimbilia nyumbani mvua ikikukuta njiani, na kwa paa hilo gari halikutakiwa kuzidi kilomita 130 kwa saa. Saluni iliyokatwa haina hata mwavuli. Masika ya Dar es Salaam ikiikuta kwenye foleni, maji yanaingia chini ya zulia, ambako magari mengi yamepitishiwa nyaya na wakati mwingine kontroli boksi, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa gari. Miezi miwili baadaye gari linawaka taa za dashibodi zote na mwenye nalo anaambiwa ni sensa, yaani kipimio cha umeme.

Tunachofanya sisi ni kuhudumia magari yaliyotoka kiwandani yakiwa ya wazi. Yapo, yanaagizwa kutoka Japani kila siku. Kwa shughuli za harusi tafuta lenye viti vinne, mfano Mercedes CLK, BMW ya safu ya 3 au Audi A4 za turubai. Mazda Roadster ni gari tamu kuliendesha, lakini ni la watu wawili, na maua yakishaingia hakuna pa dereva kukunjua kiwiko. Tunashona na kubadilisha turubai, tunabadilisha raba za milangoni na za kioo, tunatengeneza pampu na bomba za haidroliki zinazoinua paa, na tunazibua mifereji ya maji. Hii ya mwisho ndiyo inayodharauliwa. Kila gari la turubai lina vitundu vidogo vya kutolea maji kwenye kona, majani na vumbi vikijaa maji yanageukia ndani. Dakika 20 za kazi zinaokoa zulia na umeme wa gari zima. Fanya hivyo kabla ya masika na kabla ya vuli.

Ukija kununua, usianze na rangi. Bonyeza zulia la nyuma kwa kiganja uone kama lina unyevu, kisha unuse. Waombe walifungue paa na kulifunga mara tatu mfululizo injini ikiwaka, maana pampu iliyochoka hujitutumua mara ya kwanza na kugoma ya tatu. Lala chini uangalie vizingiti. Kwenye gari la wazi hapo ndipo pamebebeshwa kazi ya paa, na kutu ikiingia hapo, hasa kwa magari ya karibu na bahari, gari limekatika mgongo hata kama linang'aa. Sehemu hiyo tunaweza kuichomelea upya kwa bati la unene unaostahili, ila tunaomba siku zetu, kwa sababu tunalifunga gari lisijipinde wakati wa kuchomelea.

Yule kijana gari lake hatukuweza kulirudisha. Tulimpa ukweli huo siku ileile, tukamsaidia kuuza injini, gia boksi na rimu kwa bei ya maana. Wiki iliyopita alinitumia kwenye simu picha za CLK moja iliyoko Nagoya, Japani: taa za mbele, rimu, viti vya ngozi, picha kumi na mbili kwa jumla. Nikamjibu, "Mdogo wangu, mwambie wakala alale chini apige picha vizingiti vyote viwili, halafu apige picha paa likiwa limefunguka nusu." Tunazisubiri hizo mbili kabla hajatuma pesa. Na wewe ukitutumia picha za gari unalotaka kuagiza, anza na hizo.