Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Kaboni ya Saruji ya Tororo ni ya Nani?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, wazazi wetu, walimu wetu na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Sisi wanachama wa Klabu ya Mazingira tunakukaribisha Tororo na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Miti tumepanda kama kila mwaka, na utaionyeshwa baadaye. Leo tunaomba masikio yako kwa hesabu moja ambayo imetugombanisha muhula mzima: kaboni ya nchi, yaani hewa ya kaboni dioksaidi inayoipasha dunia joto, hupimwaje, na hubebeshwa nani?

Mheshimiwa, mji wetu unajulikana kwa saruji. Jiwe la chokaa likichomwa huachia kaboni dioksaidi iliyofungika ndani yake, na karibu asilimia 60 ya kaboni ya saruji hutoka humo, si kwenye moto. Hata tanuri likiwashwa kwa umeme wa maji wa bwawa la Bujagali, hewa hiyo itatoka tu. Taarifa zinazopelekwa Umoja wa Mataifa chini ya Mkataba wa Tabianchi wa 1992 huiandika kwa nchi ilikotokea, yaani Uganda. Lakini sehemu ya saruji yetu huuzwa Sudan Kusini na Kongo. Nyumba inasimama Juba, kaboni inabaki Tororo. Kinyume chake, bodaboda nyingi zinazotubeba zimetoka India. Chuma chake kiliyeyushwa huko kwa makaa ya mawe, na moshi wake umeandikwa India ilhali wapandaji ni sisi.

Njia ya pili ya kuhesabu humfuata mtumiaji wa mwisho, na matokeo yake ndiyo huitwa nyayo za kaboni za taifa. Msingi wake uliwekwa na Wassily Leontief, mchumi Mrusi aliyehamia Marekani na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Alichora jedwali linaloonyesha kila sekta inanunua nini kutoka kwa kila sekta nyingine, mfano wa daftari la muuza duka ambamo kila mteja naye ana duka lake. Saruji inanunua mifuko, mifuko inanunua plastiki, plastiki inanunua mafuta, na mafuta nayo yanahitaji malori na umeme. Mnyororo huo hauna mwisho, ila hesabu ya matriksi, yaani ya majedwali ya namba yanayokokotolewa kwa pamoja, huujumlisha wote kwa mkupuo mmoja. Ukizidisha jibu kwa kaboni ya kila sekta kwa kila shilingi, kisha ukaunganisha majedwali ya nchi zote kwa takwimu za biashara, unapata kaboni iliyojificha ndani ya pikipiki, hata ya mgodi ambao muuzaji hajawahi kuusikia.

Si kiasi kidogo. Steven Davis na Ken Caldeira walionyesha mwaka 2010 kwamba asilimia 23 ya kaboni dioksaidi iliyotokana na kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani mwaka 2004 ilikuwa ndani ya biashara ya kimataifa. Sehemu kubwa ilitoka China na nchi nyingine zinazoinukia, ikaenda kwa walaji wa nchi tajiri.

Hesabu hii ina kasoro zake, nasi tumezibishania sana. Jedwali huhesabu pesa, si kilo. Shati la shilingi 100,000 hubebeshwa kaboni mara kumi ya shati la shilingi 10,000, hata kama yametoka cherehani moja. Na shati la mitumba je? Kaboni ya kulishona ilikwisha kuandikwa kwa aliyelinunua jipya ng'ambo. Hapo klabu iligawanyika, na mpaka leo haijapatana.

Kasoro inayotuuma zaidi ni hii. Katika EXIOBASE, mojawapo ya hifadhidata za majedwali haya zinazotumiwa sana na watafiti, nchi ya Afrika yenye safu yake ni Afrika Kusini peke yake. Uganda imo ndani ya kapu la "Afrika iliyobaki". Umeme wetu wa maji ya Nile unachanganywa na umeme wa gesi wa Nigeria, halafu mnunuzi wa kahawa ya Bugisu anasomewa wastani. Hifadhidata ya Eora ya Sydney inatutaja kwa jina, lakini nchi zisizo na majedwali yao ya karibuni hujaziwa kwa makadirio. Kwa maoni yetu, huko ni kuhukumiwa kwa ushahidi wa jirani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tuna maombi. Tunaomba kompyuta na intaneti ya kutosha kupakua majedwali haya. Wanafunzi wa hisabati wako tayari, ila kwa sasa tunakokotoa matriksi ubaoni, na sekta zikizidi nne chaki inatushinda. Tunaomba pia utusaidie kuitembelea Ofisi ya Takwimu ya Uganda, Kampala, tuwaulize wanaotengeneza majedwali ya nchi yetu jinsi yanavyokusanywa na yatasasishwa lini. Na ukikaa na wakubwa wenzako, waombe kazi hiyo itengewe fedha.

Naomba kuwasilisha.