Ubeti wa tatu wa Mudi

Salim ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Hujambo, na mama hajambo? Huku Tanga tu wazima, joto tu ndilo linatutesa. Tangu arobaini ya Mudi mimi kimya na wewe kimya, wala sikulaumu. Gita nimeligusa juzi, nikakuta uzi mmoja umeshika kutu.

Nakuandikia kwa ajili ya ule wimbo wa mwisho, niliourekodi kwa simu kule mazoezini. Beti mbili za kwanza nimeshaziandika. Ya tatu imenishinda. Feni ya Bi Zuhura inanguruma, Kassim anatwanga ngoma, naye Mudi anaimba chinichini kama anayejisemea. Nasikia "bandarini", kisha "taa" au "tanga", kisha sauti inapotea.

Wiki nzima nasikiliza kaseti za mjomba wako, zile za Joy Division na New Order, bendi ileile ya Uingereza kwa majina mawili. Mwimbaji wa Joy Division, Ian Curtis, alijitoa uhai tarehe 18 Mei 1980, kesho yake wakiwa safarini kwenda Marekani, ziara yao ya kwanza huko. Umri wake miaka 23 tu! Walishakubaliana zamani kwamba mmoja akitoka, jina nalo liachwe, ndipo wakawa New Order. Wote watatu waliobaki walijaribu kuimba, mwisho kazi ikamwangukia Bernard Sumner. Sisi hatukuwahi kukubaliana lolote. Kassim anataka jina letu libaki. Mimi kila nikilitamka... basi, tutaongea ukija.

Lakini kilichonishika hasa ni "Ceremony". Ni wimbo wa siku za mwisho za Ian, nao wakautoa 1981, singo yao ya kwanza kwa jina jipya. Maneno yake hawakuwa nayo kwenye karatasi. Ilimbidi Sumner aipitishe rekodi kwenye ekolaiza, mashine ya kurekebisha sauti, apandishe huku, ashushe kule, apate kusikia mwenzake anasema nini. Salim, nilipolijua hilo nililia. Nami ndiyo kazi yangu kila usiku, simu sikioni, nasikiliza sekunde zilezile nane.

Sitaki kukisia. Ikiwa ni "taa", basi kuna mtu anamngoja pale bandarini. Ikiwa ni "tanga", chombo kimeshang'oa nanga. Siwezi kumwimbia Mudi neno ambalo si lake.

Wewe ulikaa ubavuni pake usiku ule, ukamshikia daftari. Rekodi nimekutumia, isikilize usiku kukiwa kimya. Daftari lile liko kwako au lilirudi kwao? Aliwahi kukuimbia wimbo huo njiani? Na huko Mwanza likizo utapata lini? Ukija, utakubali kuimba wewe? Mimi sauti yangu haifiki pale juu, na Kassim amekataa kabisa. Au unaona bado mapema?

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Hamisi